Kinachotolewa bure nacho chahitaji katiba

Juma lililopita mwenzangu mmoja idarani alinikuta nikisoma katiba ya shirika lililosajiliwa mjini Berlin, Ujerumani. Alipotambua kwamba shirika lenyewe linashughulikia programu ya tarakilishi ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bila kutoa hata ndururu, aliangua kicheko. "Kitu cha bure kinawekewa katiba ya nini?" akauliza. "Nani atakiiba kisichouzwa?" Sikuwa na wasaa wa kumjibu kwani wanafunzi walikuwa wakinisubiri. Hata hivyo, swali lake limenikaa moyoni, na kwa kuwa naamini si yeye peke yake aliye na dhana hiyo, nimeonelea nilijibu hapa hadharani.

Kwanza, tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yangu. Waingereza wana neno moja tu linalobeba maana mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu kisichofungwa na mtu. Kwa sababu hiyo, wanaotengeneza programu za aina hii wamepoteza miaka mingi wakifafanua kwamba wanachokipigania si bei bali ni uhuru. Kiswahili hakina utata huo. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na kutokana na hili la pili tumepata "huria", kama katika soko huria au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Isitoshe, lugha yetu hulitilia neno "bure" shaka ya kale. Tukisema mtu amefanya kazi bure, huenda tukamaanisha kwamba hakulipwa, au kwamba kazi yenyewe haikufaa kitu. Mwenzangu alikosea tangu mwanzo kwa kuita bure kile ambacho ni huria.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake asilia, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunzi wake, umewekwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na augawe kwa wengine. Leseni yake ndiyo inayotoa ruhusa hiyo. Mfano wake ni mpishi anayekupa pilau na papo hapo akakukabidhi orodha ya viungo na namna ya kupika, kisha akakuruhusu uongeze iliki au upunguze pilipili upendavyo. Mpishi huyo akifunga mkahawa wake kesho, pilau haifi.

Lakini je, jina la mkahawa ni la nani? Jengo ni la nani? Daftari la wateja liko mikononi mwa nani? Hapo ndipo kisa cha shirika la Berlin kinapoanzia.

Mnamo mwaka 1985 kijana wa Kijerumani aitwaye Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division, ambayo baadaye ilitoa mkusanyiko wa programu za ofisini ulioitwa StarOffice: ya kuandikia barua na ripoti, ya kufanyia hesabu, ya kuandalia maelezo ya mikutanoni. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani. Mwaka uliofuata, 2000, Sun iliufungua msimbo wa programu hizo kwa ulimwengu mzima chini ya jina la OpenOffice.org. Watu wa kujitolea kutoka pembe zote za dunia walijitokeza. Wako walioandika msimbo, wako waliosaka makosa, wako walioandika vitabu vya maelekezo, na wako waliotafsiri.

Sun ilipouzindua mradi huo iliahidi kwamba hatimaye usimamizi wake ungekabidhiwa wakfu ulio huru. Ahadi hiyo haikutimizwa. Kwa muda wa miaka kumi, jina la OpenOffice.org liliendelea kuwa alama ya biashara ya kampuni. Mitambo iliyohifadhi kazi yote ilikuwa ya kampuni. Aidha, aliyetaka mchango wake wa msimbo uingizwe alilazimika kutia sahihi mkataba wa kuishirikisha kampuni katika hakimiliki ya kazi yake. Lilikuwapo baraza la jumuiya, ila baraza lisilomiliki kitu ni sawa na mpangaji anayejadili rangi ya kupaka nyumba. Hata mambo yalipokwenda shwari, hayakwenda shwari kwa nguvu ya haki, bali kwa hisani ya mwenye nyumba.

Mwenye nyumba akabadilika. Mwezi Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun, na miongoni mwa vitu vilivyohamia kwake ni jina na mitambo ya OpenOffice.org. Waliojitolea kwa miaka mingi wakajikuta wameuzwa pamoja na nyumba kama samani. Tarehe 28 Septemba 2010, wengi wa vinara wa mradi huo walitangaza kuanzishwa kwa The Document Foundation. Waliialika Oracle ijiunge nao na kuwapa jina la zamani. Oracle haikufanya hivyo. Badala yake, mwezi uliofuata wale waliokuwa katika baraza la jumuiya na ambao wamejiunga na wakfu mpya walitakiwa wajiuzulu barazani, kwa hoja kwamba hawawezi kutumikia pande mbili.

Msomaji ataona kilichobaki na kilichopotea. Msimbo ulibaki, kwa kuwa leseni iliulinda, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Jina walilolijenga kwa miaka kumi lilipotea pamoja na anwani waliyojulikana kwayo. Ikawabidi wabuni jina jipya, LibreOffice, na kuanza upya kuuelezea ulimwengu kwamba hawa ni wale wale. Toleo lao la kwanza rasmi, la 3.3, lilitoka mwezi Januari 2011. Miezi michache baadaye Oracle iliachana na mradi wake, na mwezi Juni mwaka huo huo ikaukabidhi kwa Apache Software Foundation, shirika jingine la programu huria lililosajiliwa Marekani tangu 1999. Kwa hivyo jina la OpenOffice lingalipo, ila mwendo wake ni wa kobe, ilhali wengi wa waliolipa uhai wamo katika LibreOffice.

Naeleza haya nikiwa na kovu langu mwenyewe. Mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, tulijikusanya wapenzi wa Kiswahili kumi na mmoja tukaanza kukusanya istilahi za tarakilishi. Tulikutana kila Jumamosi. Tulibishana hadi jioni iwapo tuseme "tarakilishi" au "kompyuta", "kuhifadhi" au "kuweka", "faili" au "jalada". Kampuni moja ilitufadhili kwa chumba, mashine mbili na nafasi katika mtandao. Hatukuwa na katiba. Hatukuwa na daftari la wanachama wala akaunti ya benki. Tulijiambia kwamba sisi ni ndugu, na ndugu hawaandikiani mikataba.

Baada ya miaka miwili uongozi wa kampuni hiyo ulibadilika. Chumba kikafungwa. Tulipoomba orodha yetu, ambayo wakati huo ilikuwa na maneno takriban elfu tatu pamoja na fasili zake, tulijibiwa kwa upole kwamba kazi iliyofanywa katika mashine za kampuni ni mali ya kampuni. Tulitaka kulalamika. Lakini ni nani angelalamika? Kikundi chetu hakikuwapo mbele ya sheria. Hapakuwa na "sisi" ya kushtaki wala ya kushtakiwa. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu aliyekuwa ameandika fasili nyingi kwa mkono wake kabla hazijachapwa, alifariki kabla hatujapata hata neno moja. Hadi leo, nikikutana na wenzangu wa wakati ule, huongea mambo mengine.

Ndiyo maana hatua waliyoichukua wale wa LibreOffice baada ya 2010 inanivutia kuliko programu yenyewe. Hawakuridhika na kutoa tamko. Walijua kwamba kundi la watu, hata liwe na nia njema kiasi gani, haliwezi kumiliki jina, kufungua akaunti wala kutia sahihi mkataba mpaka liwe na nafsi ya kisheria. Kwa muda wa mpito walijisitiri katika chama kilichokuwa tayari kimesajiliwa Ujerumani, Freies Office Deutschland, ambacho kilipokea michango na kushika mali kwa niaba yao. Huku wakiwa humo, walijadili ni nyumba ya aina gani wajijengee.

Njia zilikuwa kadhaa. Wangeweza kuunda kampuni, lakini kampuni ina wenye hisa, na hisa huuzwa. Hilo ndilo lililowatia msibani. Wangeweza kubaki chama cha kawaida, lakini chama ni mali ya wanachama wake, nao wakiungana kwa wingi wa kura wanaweza kubadilisha madhumuni yake au kukivunja. Walichagua njia ya tatu, ile ambayo Wajerumani huiita Stiftung.

Msomaji wa Pwani hahitaji kufunuliwa sana maana ya neno hilo, kwa sababu tunalo lake: wakfu. Asili ya neno hili ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusimamisha au kuzuia. Mtu akiiweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti, basi ameisimamisha pale pale. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Msimamizi huitunza na kuitumia kwa lile lililokusudiwa, lakini yeye si mwenyewe. Hata aliyeiweka wakfu hawezi kuamka asubuhi akaghairi. Sheria za Ujerumani zina mantiki inayokaribiana na hiyo. Stiftung haina mwenyewe wala wenye hisa. Ina mtaji usiopaswa kuliwa, ina madhumuni yaliyoandikwa, na ina mamlaka ya serikali inayoikagua ili kuhakikisha kwamba wasimamizi hawayakiuki madhumuni hayo. Ni vigumu kuianzisha na ni vigumu zaidi kuibadilisha. Ugumu huo ndio waliokuwa wakiutafuta.

Ili kuianzisha walihitaji mtaji wa Yuro 50,000. Mwezi Februari 2011 waliutangazia umma haja hiyo. Haba na haba hujaza kibaba: watumiaji wa programu hiyo walichanga, na kiasi hicho kikatimia katika muda wa siku nane. Tusidhani kwamba pesa ndizo zilizokuwa kikwazo. Uandishi wa katiba na mashauriano na mamlaka za Berlin yalichukua karibu mwaka mzima, na wakfu ukaandikishwa rasmi tarehe 17 Februari 2012. Kwa maneno mengine, fedha zilichukua wiki moja na ushei, ilhali maneno yalichukua miezi kumi na miwili. Mimi kama mwanaisimu siwezi kuficha furaha yangu kwa hesabu hiyo.

Na maneno yenyewe yanasemaje? Nitataja mambo manne tu.

La kwanza ni uanachama. Mtu haingii kwa kulipa ada, bali kwa kazi. Anayeandika msimbo anahesabiwa, na vivyo hivyo anayetafsiri, anayefunza wengine au anayeandika vitabu vya maelekezo. Sharti ni awe amechangia kwa angalau miezi mitatu na aahidi kuendelea kwa miezi sita zaidi. Wanachama hao ndio wanaoitwa bodi ya wadhamini. La pili ni uongozi. Wanachama huchagua bodi ya wakurugenzi yenye watu saba, pamoja na manaibu, kwa kipindi cha miaka miwili. Huchagua vilevile kamati ya uanachama, ambayo ndiyo huamua nani anaingia na kuendesha uchaguzi wa bodi. Hivyo bodi haiwezi kujichagulia wapiga kura wake.

La tatu, ambalo kwangu ndilo kiini cha yote, ni kwamba katika chombo chochote cha uongozi watu wanaofungamana na kampuni au shirika moja hawaruhusiwi kuzidi thuluthi moja ya viti. Katika sentensi hiyo moja mna uchungu wote wa miaka kumi ya OpenOffice.org. La nne ni kwamba makampuni na mashirika makubwa hayakufukuzwa. Yamepewa bodi ya ushauri. Huko hulipa mchango wa kila mwaka na kutoa maoni, lakini hayapigi kura. Mwenye fedha anasikilizwa, ila hatawali.

Nisije nikaeleweka kwamba katiba hiyo imeleta pepo duniani. La hasha. Programu kubwa kama hii haiendi bila wahandisi wanaolipwa, na wengi wao wameajiriwa na makampuni machache. Mwaka 2020 kampuni ya Collabora, ambayo ilikuwa imefanya sehemu kubwa ya kazi ya toleo la kutumika mtandaoni, iliihamisha kazi hiyo nje ya uangalizi wa wakfu na kuipa jina lake. Miaka iliyofuata ilijaa malumbano makali ndani ya bodi: nani ana mgongano wa maslahi, nani ajiondoe kura inapopigwa, fedha za wachangiaji zitumikeje. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Wanaoandika msimbo walisema kwamba asiyelima asiwapangie wakulima. Wengine walisema kwamba shamba la wakfu halilimwi kwa faida ya mkulima mmoja.

Wako watakaoyatumia magomvi hayo kama ushahidi kwamba katiba haikusaidia. Mimi naona kinyume. Katiba haizuii ugomvi. Inaupa ugomvi mahali pa kufanyikia, na kanuni za kuuamulia, na siku ya uchaguzi ya kuutolea hukumu. Sisi kumi na mmoja hatukupata hata nafasi ya kugombana. Tulifungiwa mlango tu.

Huenda msomaji akauliza, haya ya Berlin yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa njia ya moja kwa moja. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulizindua Jambo OpenOffice, yaani programu hizi hizi za ofisini zikizungumza Kiswahili. Kwa mara ya kwanza karani angeweza kufungua faili, kulihifadhi na kulichapisha pasipo kukutana na neno la Kiingereza. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu moja tu: msimbo ulikuwa huria, hivyo wasomi wa Dar es Salaam hawakuhitaji kumpigia mtu magoti ili waruhusiwe kutafsiri. Wakfu wa Berlin nao, katika tamko lake la kuanzishwa, uliahidi kuwahimiza watu wote watafsiri programu hizo katika lugha zao za mama, na ukakataa utaratibu unaomlazimisha mtu ajifunze lugha ya kigeni kabla hajaweza kujieleza kwa tarakilishi.

Hata hivyo, ahadi ya Berlin haitatafsiri neno hata moja. Programu huendelea kukua. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyopaliliwa huzeeka kama shamba lililoachwa. Ufadhili wa mradi huwa na tarehe ya mwisho, ila lugha haina. Wanaohitajika ni watu watakaodumu, na watu hudumu wakiwa na chombo kinachodumu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama nduguye huyo ni Mjerumani mwenye katiba nzuri.

Nasi hatuna uhaba wa njia za kisheria. Katika nchi hii watu kumi wanaweza kusajili chama chini ya Sheria ya Vyama. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inaruhusu kampuni yenye dhamana isiyo na hisa. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2024, imefungua mlango mwingine. Amana na wakfu tumekuwa nazo tangu zamani. Kinachotupungukia ni ile subira ya miezi kumi na miwili ya kukaa chini na kuandika: mali ni ya nani, nani mwanachama, nani anapiga kura, na mfadhili anaishia wapi. Waalimu wa Kiswahili, wahariri, watafsiri na vijana wa tarakilishi wanafanya kazi kubwa ya kujitolea mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo imehifadhiwa wapi leo, na kwa jina la nani? Kila kikundi kijiulize swali hilo kabla ya mkutano wake ujao, na jibu liandikwe katika kumbukumbu.

Kwa mwenzangu aliyecheka, jibu langu ni hili. Kinachouzwa kina risiti, na risiti humlinda mnunuzi. Kinachotolewa kwa wote hakina risiti, kwa hivyo kinahitaji katiba kuliko hata kile kinachouzwa. Uliniuliza nani atakiiba kisichouzwa. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilipotea hivyo, maneno elfu tatu, na hapakuwa na mwizi wa kumkamata.